Mtoto hakukufuru, aliuliza

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja ameandika kwamba kuuliza Mungu alikuwa akifanya nini kabla ya kuumba ulimwengu ni kufuru, na kwamba watoto wakomeshwe mapema. Mjukuu wangu wa miaka tisa amekwisha kukomeshwa. Alitolewa nje ya darasa la dini kwa swali hilo hilo, akasimama ukutani mpaka kipindi kikaisha. Hakulia. Alikuja nyumbani amenuna, akaniuliza mimi.

Swali hili ni kongwe kuliko sisi sote. Augustino, askofu wa Afrika ya Kaskazini aliyefariki mwaka 430, alikutana nalo, na alilijua pia jibu la mzaha lililokuwa likizunguka: Mungu alikuwa akiwaandalia moto wa jehanamu wachokonozi. Akalikataa. Aliona ni afadhali mtu aseme hajui kuliko kumfanyia kejeli aliyeuliza jambo zito. Kisha akajibu kwamba wakati nao umeumbwa, hivyo hapakuwa na "wakati ule" ambao Mungu alikaa bure. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alishika njia hiyo hiyo kwa upande wa Uislamu. Akaongeza kwamba mawazo yetu hubuni "kabla" hata yasipotaka, kama yanavyoshindwa kufika kwenye ukingo wa ulimwengu bila kuweka kitu ng'ambo yake.

Sisi wenye Kiswahili tunabanwa zaidi, maana lugha yenyewe inatutangulia. Tunasema "kabla hajaumba". Hiyo -ja- ni ya kungoja: hajafika, hajala, anatazamiwa. Ukishaitamka umekwisha kumweka Mungu kwenye foleni. Tazama tena "Mungu yupo". Hiyo -po ni ya mahali, na ndiyo hiyo hiyo ya wakati katika "alipokuja". Papo hapo ni pale pale, na ni sasa hivi. Hapo zamani si mahali, lakini tunapaonyesha kama kwa kidole. Kwa hiyo tukitaka kusema tu kwamba kitu kina kuwako, ulimi unakipa pa kukaa na saa ya kukaa. Mtoto akiuliza "yuko wapi, na tangu lini?" anafuata sarufi tuliyomfundisha wenyewe. Wazee walikuwa na azali, kwa kisicho na mwanzo, na abadi, kwa kisicho na mwisho. Siku hizi mzigo wote tumeutwika "milele", na wengi wetu tukiisikia tunafikiria miaka mingi mno, kana kwamba umilele ni kalenda ndefu.

Sayansi inasaidia kidogo. Tangu Einstein tunajua kwamba wakati si mto mmoja unaopita sawa kwa wote: saa za setilaiti za kuonyesha njia hutangulia za ardhini kwa takriban sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku, na lazima zirekebishwe. Tunajua pia kwamba ulimwengu huu umetanuka kwa muda wa miaka bilioni 13.8 hivi. Lakini Georges Lemaître, aliyekuwa padri na mwanafizikia, na ndiye aliyetoa mwaka 1931 wazo la chembe ya mwanzo, yaani kwamba ulimwengu wote ulianzia katika chembe moja, hakupenda hesabu zake zifanywe ushahidi wa dini. Namuunga mkono. Wanaoshangilia kila ugunduzi kana kwamba Mungu ameshinda kesi wananichosha, na wanaoshangilia kinyume chake vilevile.

Maana mwanzo ni jambo moja, na kuwako ni jingine. Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa Kikristo wa karne ya 13, aliamini kwa imani kwamba ulimwengu una mwanzo, lakini akasema akili peke yake haiwezi kulithibitisha hilo. Hata ungekuwa hauna mwanzo, bado ungemhitaji Mungu wa kuushikilia uwepo. Naielewa hivi: wimbo unaoimbwa tangu azali bado unategemea koo la mwimbaji. Akinyamaza, haubaki hata nusu yake. Asiyeamini atauliza kwa nini lazima kuwe na mwimbaji, na hilo ni swali la haki, la mezani, si la kumtoa mtu nje.

Nilimweleza mjukuu jibu la Augustino. Akakaa kimya kidogo, akasema: "Babu, kama hakukuwa na wakati, alijuaje kuwa wakati wa kuanza umefika?" Al-Ghazali aliikabili hoja ya namna hiyo ya wanafalsafa. Alijibu kwa mfano wa mtu mwenye hamu aliyewekewa tende mbili zilizo sawa kwa kila hali, na hawezi kuzichukua zote. Atachukua moja, bila sababu nyingine ila utashi wake. Nikamsimulia.

Akaniambia huyo mtu hakuwa na njaa ya kweli.

Msomaji wenu wa siku nyingi