Mke wangu anataka tuendelee kuzunguka na treila, mi nataka tutulie sehemu moja. Naombeni ushauri

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu habari zenu. Naandika kutoka Arizona, Marekani, mi Mtanzania wa Tanga, naishi huku na mke wangu na binti yetu wa miaka mitano, na tunaishi kwenye treila. Nasema treila lile la kuvutwa na pikapu, lina kitanda, jiko la gesi, choo na bafu, na hiyo ndo nyumba yetu mwaka mzima, hatuna nyingine. Naomba mnisome mpaka mwisho maana mambo yameshikana, siwezi kuuliza moja nikaacha lingine.

Mke wangu ni nesi wa mikataba, wale wanaopelekwa kwenye hospitali zenye upungufu wa watu. Mkataba kawaida ni wiki 13, ukiisha ama wanakuongeza ama unahamia mji mwingine kabisa. Sasa kupata nyumba ya wiki 13 ni mtihani, wenye nyumba wanataka usaini mwaka, na zile zenye fanicha za muda mfupi bei yake inakula posho yote hubaki na kitu, ndo maana manesi wengi wa mikataba huku wanaishia kununua RV, yaani nyumba ya kutembea nayo kama treila letu, na kempu za kuegesha zipo kila mahali, ukifika unachomeka umeme, unaunga maji, unaunga bomba la maji taka, jioni unapika ugali wako. Na sisi tukanunua, treila la mwaka 2014, tumelipa lote, hatudaiwi hata senti.

Mimi kazi yangu ni hizo hizo kempu. Wenye kempu wanapenda kuchukua watu wenye RV zao, unafanya kazi saa 20 kwa wiki, nao wanakupa sehemu ya kuegesha bure na umeme na maji, sehemu zingine wanakuongezea na mshahara kwa saa zinazozidi. Napokea wageni, nasafisha vyoo na mashimo ya moto, nakata majani, nauza kuni, nawaambia watu saa nne usiku kelele basi, nawakataza kuja na kuni walizobeba kutoka mbali kwa sababu zinaeneza wadudu wanaoua miti. Msimu mmoja wa vuli nilienda North Dakota kwenye mavuno ya viazi sukari vile vya kutengenezea sukari, bonde la Red River, shifti ya saa 12, kempu analipa mwajiri, mvua ikizidi kazi inasimama, na jua likizidi pia inasimama maana vikirundikwa vya moto vinaoza. Pale kuna hela, ila mwili unaujua. Kwa hiyo msinione kama mtu anayelalamika kazi, kazi naipenda, na maisha haya yametusaidia sana, tumesomesha wadogo zetu, kiwanja Tanga tumenunua.

Tatizo lenyewe sasa. Miaka yote hii tulikuwa na chumba Dallas, kwa binamu yake mke wangu, tunamlipa kodi ya kweli kila mwezi kwa maandishi na risiti, vitu vyetu viko pale, barua zinakuja pale, leseni za udereva ni za Texas, na kila mkataba ukiisha tunarudi pale kupumzika kidogo. Binamu ameuza nyumba, anahamia jimbo lingine, na chumba chetu mwisho wake ni Juni. Mtu wa nje ataona ni chumba tu, tafuteni kingine. Jamani kile chumba ndo kimebeba kila kitu.

Kwanza hela. Malipo ya nesi wa mikataba yamegawanyika, kuna mshahara wa saa ambao unakatwa kodi, na kuna posho ya nyumba na chakula ambayo haikatwi, na hiyo posho ndo inayofanya mkataba uwe na maana. Lakini watu wa kodi wa Marekani wanasema ili posho isikatwe lazima uwe na makazi yako halisi mahali, unayagharamia, halafu huko kazini uwe umeenda kwa muda tu, na ukikaa sehemu moja zaidi ya mwaka hapo hesabu inabadilika. Mtu asiye na makazi popote, anayezunguka na nyumba yake, wao wanahesabu kwamba makazi yake ni pale pale anapofanya kazi, kwa hiyo hajasafiri, kwa hiyo posho yote ni mshahara na inakatwa kodi. Yaani chumba kikiondoka, kwa sheria sisi tunakuwa watu wa kuzunguka tu. Najua kuna manesi wanajaza ile fomu ya ejensi inayowapa mikataba kwamba wana makazi wakati hawana, mi hilo sitaki na mke wangu pia hataki, sisi ni watu wa grini kadi, hatuwezi kucheza na makaratasi ya serikali.

Pili leseni yake ya unesi. Ni ya Texas, na inamruhusu kufanya kazi majimbo mengi yaliyo kwenye makubaliano (California na Oregon hazimo), lakini imefungwa na jimbo unaloishi, ukihamisha makazi kwenda jimbo lingine una siku 60 za kuomba leseni ya huko. Hili linawezekana, ni usumbufu tu.

Tatu uraia, na hapa ndo usingizi unaniishia. Tulikuja kwa bahati nasibu ya grini kadi, miaka mitano tuliyotakiwa kusubiri imeshatimia na tulipanga kupeleka maombi mwaka huu. Sharti mojawapo ni uwe umeishi kwenye jimbo au wilaya ya uhamiaji unayoombea angalau miezi mitatu kabla ya kuomba. Sasa piga hesabu na mimi, mkataba ni wiki 13, ambazo ni kama miezi mitatu, yaani siku tunayofikisha sharti ndo siku ya kung'oa treila tuondoke. Na hata ukiwahi kupeleka, unasubiri miezi kuitwa alama za vidole na usaili kwenye ofisi ya pale ulipoombea, na kila ukihama una siku 10 za kuwajulisha anwani mpya, faili nalo linaweza kuhamishwa ofisi. Dallas tunalipia chumba lakini tukiwa wakweli tunalala pale siku chache, sijui afisa akiniuliza unaishi wapi nimjibu nini, maana jibu la kweli ni kwamba naishi kwenye treila namba fulani, wiki hii liko Arizona.

Na mtoto. Septemba anatimiza sita, kwa Texas huo ni umri wa lazima wa shule. Texas inaruhusu umsomeshe nyumbani bila masharti mengi, na mke wangu anasema tutamsomesha wenyewe, wenzetu wengi wa RV wanafanya hivyo. Sawa, ila mke wangu akipiga shifti ya usiku mchana analala, kwa hiyo mwalimu ni mimi, na mimi ndo nasafisha vyoo vya kempu. Halafu baridi hapa Arizona kempu zinajaa wazee wanaokimbia theluji ya kaskazini, wazee wazuri kweli, wanamfundisha mtoto kupanda baiskeli, wanampa keki, lakini hana mtoto mwenzie wa kukaa naye zaidi ya wiki mbili. Akipata rafiki, rafiki anaondoka, au tunaondoka sisi. Juzi kuna familia imekuja na binti wa rika lake, akakataa kutoka kwenda kucheza, nikamuuliza kwa nini, akaniambia baba si wataondoka Jumapili. Nilikosa la kumjibu.

Sasa mezani kuna njia tatu.

Ya kwanza ni ya mke wangu. Anasema tuhamishe makazi ya kisheria South Dakota kama watu wengi wa RV, unalala usiku mmoja kwenye kempu ama hoteli ya kule, unachukua risiti, unakodi sanduku la barua, unapata leseni ya udereva, na kodi ya mapato ya jimbo hakuna. Posho wakiikata kodi waikate, yeye atachagua mikataba inayolipa vizuri, na kwa sababu hatulipi kodi ya nyumba bado tunabaki juu. Baridi hii ijayo anataka tukae kwenye ardhi ya serikali karibu na Quartzsite, huku huku Arizona, kibali kimoja kinakubeba kuanzia 15 Septemba mpaka 15 Aprili, umeme unategemea sola yako. Na kiukweli namuelewa, huyu mwanamke anayapenda haya maisha kutoka moyoni, amekulia Kariakoo nyumba ya kupanga watu tisa chumba kimoja, anasema hii ndo mara ya kwanza maishani ana mlango wake mwenyewe ambao hakuna baba mwenye nyumba wa kumgongea. Nikilikumbuka hilo neno kumwambia tutulie sehemu moja nakuwa mzito.

Lakini sanduku la barua South Dakota halinisaidii kwenye uraia, maana sharti ni kuishi, sio kupokea barua.

Ya pili ni kupanga apatimenti ndogo Dallas kwa jina letu, tukaendelea na mikataba. Inatatua kodi na leseni, ila tutalipia nyumba isiyolala mtu, bei za Dallas mnazijua mlioko huko, na mtoto shule bado hana.

Ya tatu ndo ninayoitaka. Mwenye kempu moja nilikofanya kazi huko Texas, ile nchi ya vilima magharibi ya Austin, amenipa kazi ya mwaka mzima, msimamizi, mshahara kila wiki mbili na sehemu ya treila bure yenye umeme wa ampea 50, mlioishi kwenye RV mnajua maana yake, ile ya ampea 30 ukiwasha AC na maikrowevu na pasi kwa pamoja inakata. Kwa sababu kazi yenyewe inanilazimu kulala pale pale, hata ile sehemu ya bure haihesabiwi kama mshahara kwenye kodi. Mji una hospitali, mke wangu anaweza kuajiriwa kawaida, mtoto basi la shule linampitia getini. Miezi mitatu inatimia bila presha, tunaomba uraia, tunasubiri usaili tukiwa sehemu moja.

Yeye anakataa kwa sababu mbili. Mshahara wa nesi wa kuajiriwa pale uko chini sana ukilinganisha na mikataba, na tunajenga nyumbani. Ya pili ni maji. Mnakumbuka tarehe 4 Julai 2025, mto Guadalupe ulivyopanda usiku watu wamelala, Texas ile ile, wakafa watu zaidi ya 100, RV zikabebwa na watu ndani. Mke wangu alifuatilia zile habari siku nzima analia, na akaapa hatalala kwenye treila jirani na mto Texas. Kempu yenyewe iko juu kilimani, kijito kiko mbali chini, nimemuonyesha ramani ya mafuriko, anasema ramani haijui mvua. Siwezi kumwambia hofu yake ni ya bure wakati watu wamekufa kweli.

Na muda hautusubiri, treila lenyewe limeshapita miaka kumi, kuna kempu za kulipia sasa zinatukataa kwa sababu hiyo tu, wanataka RV mpya mpya. Kwa hiyo hata njia yake mwaka hadi mwaka inazidi kuwa nyembamba.

Nyumbani ndo usiseme. Mama yangu ameambiwa na watu kwamba mwanao Marekani analala kwenye gari, hana nyumba, akanipigia analia, anasema rudi mwanangu kuna shamba. Nimemtumia video ya jiko, ya kitanda, ya mtoto anaoga maji ya moto, ametulia kidogo, lakini najua mtaani bado wanasema. Hilo sio sababu ya mimi kutaka tutulie, ila siwezi kusema haliniumi.

Ninachoomba kwenu. Manesi wa mikataba mlioko huku, kuna mwenzenu aliyekubali posho ikatwe kodi, bado ililipa au aliishia kuacha? Mlioomba uraia huku mnahamahama kwa kazi, madereva wa malori, manesi, wa kempu, anwani mliandika ipi na kwenye usaili mliulizwa nini? Mwanasheria nitamuona, nimeshaweka miadi, lakini nataka kumsikia mtu aliyepita. Na wazazi, mtoto wa miaka sita anaweza kusubiri mwaka mmoja zaidi mama yake amalizie mikataba miwili mitatu mikubwa, au huo mwaka tutakuja kuudaiwa?

Na dada zangu, ninyi hasa, niambieni nizungumzeje na mwenzangu. Kila nikianza anaona nataka kumrudisha kwenye nyumba ya kupanga, wakati mi sijamwambia tuuze treila, nataka tu lisimame sehemu moja kwa mwaka au miwili. Mwenye kempu anataka jibu kabla ya Pasaka.

Mtanzania mwenzenu, Arizona.