Barua ya wazi kwa vijana wetu watafiti wa Lamu

Wanangu, wake kwa waume,

Assalaam alaikum. Tangu nistaafu ualimu, baraza la nyumba yangu hapa Langoni limekuwa kituo cha wanafunzi wa shahada za juu wanaorudi likizo, kila mmoja na simu yake mkononi na lalamiko lile lile: kwamba mambo ya kwetu hayakuandikwa. Yameandikwa, tena mengi, ila ninyi mnayaita kwa jina moja, ilhali yalisajiliwa kwa majina mengine.

Mwezi uliopita binti mmoja aliketi nami baada ya alasiri, akaandika “Shela” kwenye Google akitaka habari za kale za mji ule. Yakamjia mahoteli, nyumba za kukodi na picha za ufuo, ukurasa baada ya ukurasa. Nikamwambia aandike Shella, kwa l mbili, kama wageni wengi walivyoliandika, aweke alama ya kutoa iliyogusana na neno hotel bila kuacha nafasi, kisha aongeze site:ac.ke ili abaki na vyuo vya Kenya peke yake. Orodha ikanywea, na kwa mara ya kwanza jioni ile akaona tasnifu badala ya bei ya chumba.

Mji wetu wenyewe ni Lamu kwenye ramani na Amu vinywani mwetu. Siyu iliandikwa Siu, Pate ikaandikwa Patta, na Malindi aliyofika Vasco da Gama mwaka 1498 Wareno waliiita Melinde. Wajerumani, ambao himaya yao ya Witu ilidumu kutoka 1885 hadi 1890, waliandika Suaheli, kwa hiyo anayechunguza kipindi kile kwa neno Swahili pekee amejinyima nusu ya kumbukumbu. Vivyo hivyo katika ushairi: sisi husema utendi, Kiswahili sanifu husema utenzi, na hati zetu za herufi za Kiarabu, kama zile zilizohifadhiwa SOAS, chuo kikuu cha masomo ya Asia na Afrika kule London, huorodheshwa kwa tahajia aliyoichagua mwenye kuziorodhesha. Tafuteni kwa zote mbili, na jina la maneno mawili au matatu mlifunge ndani ya alama za kunukuu lisitawanyike. Tena mashine inayosoma vitabu vya zamani vilivyopigwa picha huona u ikadhani ni n; msicheke, andikeni Lamn siku moja mwone.

Mkipata makala moja nzuri kwenye Google Scholar, bonyezeni kiungo kinachoonyesha waliokuja kuinukuu baadaye, kwani hapo ndipo mazungumzo yalipoendelea.

Sasa mitandao ya kijamii, ambako nina kosa langu la kuungama. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja mtu mzima alinifungulia kasha akanionyesha barua ya babu yake. Aliniruhusu kuipiga picha kwa ajili ya masomo yangu, nami kwa furaha nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la wapenzi wa historia. Kabla ya Ijumaa ilikuwa Facebook, pembe yenye jina la mwandishi imekatwa, na chini yake mtu ameandika kwamba ni hati ya Unguja. Barua ile sasa inazunguka bila jina wala mahali, na hakuna neno ambalo mtafiti angeliandika likamfikisha kwake. Yule mama hakunigombeza. Kasha tu halikufunguliwa tena.

Kwa hiyo ruhusa ya kupiga picha na ruhusa ya kusambaza ziombeni mbalimbali. Mkiruhusiwa, andikeni jina na mahali juu ya picha yenyewe, si pembezoni panapokatika. Na picha za magofu muondoe alama ya mahali ambayo simu huiweka kimya kimya, maana wachimbaji wa usiku nao wana simu. Mara nyingi swali linatosha pasipo hati: ukiuliza kundini maana ya neno moja la chombo cha baharini, nahodha wa Faza atakujibu kabla hujamaliza chai.

Na majina yenu je? Katika mji wenye akina Mohamed Ali wengi kiasi hiki, mmoja akichapisha kama Mohamed na kesho kama Muhammad, kazi zake zitagawanyika au zitapewa mwingine. Chukueni namba ya ORCID, yaani namba ya utambulisho ya mtafiti mmoja mmoja, ambayo imekuwapo tangu 2012, ni ya tarakimu 16 na haina malipo, kisha mwambatanishe nayo kila mnachochapisha.

Mimi nipo barazani kila siku baada ya alasiri, isipokuwa Ijumaa. Anayekuja aje na karatasi aliyokwisha kuandika jina la anachokitafuta kama bibi yake anavyolitamka, na chini yake kila namna nyingine aliyowahi kuliona limeandikwa. Simu tutaiwasha baadaye.

Wassalaam,
Mwalimu wenu mstaafu, Langoni, Lamu