Barua kwa mwanangu: jiwe lako lina pingili 13

Tororo, Jumapili jioni

Mwanangu Rashidi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote wazima. Mama yako anauliza kama huko Moroko unapata ugali wa posho au ni mkate tu kutwa kucha. Mzigo wako ulifika Jumanne kwa mkono wa mwenzako. Tende zimeshaisha, usiulize. Jiwe lipo.

Kwenye kikaratasi, muuzaji wako wa mji wa Erfoud ameandika "Phacops", jina la aina mojawapo ya trilobaiti, wale wadudu wa kale wa baharini waliogeuka mawe. Nimelikalia jiwe hilo siku tatu, na nakuambia alikosea.

Nililiweka barazani asubuhi mapema, jua likipiga ubavuni, maana saa hizo kila mfereji wa mgongoni hutoa kivuli chake. Mapande matatu yanaonekana wazi: mgongo katikati, mbavu huku na huku. Ndiyo asili ya jina trilobaiti. Amejikunja nusu, kama jongoo aliyeguswa kisha akaghairi. Nikachukua kijiti cha meno nikahesabu pingili za kiwiliwili, moja moja. Nikapata 14. Haikuniingia akilini, kwa hiyo nikarudi mwanzo, na hapo ndipo nikaona kosa langu: pete ya kwanza ni ya shingo, imeshikana na kichwa, haihesabiwi. Basi ni 13. Phacops ana 11 tu.

Nikahamia usoni. Jicho la Phacops ni kubwa, na lenzi zake unaziona kwa kioo cha kukuzia zimepangana kama punje kwenye gunzi. Huyu wako ana vijicho viwili vidogo, visivyo na punje yoyote. Halafu lile nundu la katikati ya kichwa: la Phacops hufura kuelekea mbele, la huyu linapungua kuelekea mbele kama kengele, na lina vifundo pembeni. Huyo ni wa ukoo wa Calymenidae, na mimi nimempa jina la Flexicalymene, ambaye huko Moroko huchimbwa kwa wingi katika miamba ya kipindi cha kale kiitwacho Odovisi. Kipindi hicho kiliisha miaka milioni 443 hivi iliyopita, kabla ya akina Phacops wa Devoni, kipindi kilichokuja baadaye. Kwa hiyo umenunua mzee kuliko ulivyodhani. Jina la spishi siliandiki. Uso umekwaruzika mno.

Mama yako alitaka kuliosha kwa siki ling'ae. Nilimwahi mlangoni. Gamba lile ni kalisiti, madini ya chokaa, siki ingelila mbele ya macho yetu.

Sasa niseme la aibu. Unalikumbuka lile jeusi kubwa la kabatini, nililonunua Kampala kwa mchuuzi mmoja, ambalo kila mgeni lazima alione kabla ya chai? Kwa kuwa kioo kilikuwa mkononi, nikaliangalia na lenyewe. Mgongo mzima una vitundu vya hewa, mviringo, vidogo kama ncha ya sindano. Nikapasha sindano moto nikaligusa kwa chini: ikatoka harufu ya jagi la plastiki lililosahauliwa jikoni. Limemiminwa kwenye kalibu, mwanangu. Mama yako amecheka hadi amekaa chini. Lako lina ufa unaokata mwamba na mdudu kwa pamoja, na alama ya gundi. Hilo halinitishi, kule hupasua jiwe kwa nyundo ili wamtoe, kisha huunga vipande.

Unakumbuka ulivyokuwa mdogo, ukiniletea kokoto za chini ya mwamba wetu ukiuliza wadudu wako wapi? Nilikuambia hawapo ukanuna. Mwamba wa Tororo ni shina la volkano. Hata chokaa yake imetoka motoni, haikutoka baharini, na hawa waliishi baharini tu. Miamba mingi ya Uganda ni ya kale kuliko wao, na mingine ilikuja wakiwa wameshatoweka zamani. Ndiyo maana nafurahi hivi kwa kijiwe cha ukubwa wa kidole gumba.

Ukipita tena kwa yule muuzaji, usigombane naye juu ya jina. Muulize tu lilichimbwa kilima gani, karibu na kijiji gani, uniandikie. Nimeacha nafasi kwenye kikaratasi kipya.

Na tende, kama mfuko unaruhusu.

Ni mimi baba yako.