Ripoti ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wetu wa chai hapa Kericho

Wanachama wenzangu, wazee, kina mama na vijana, nawasalimu wote. Mambo ya pesa mweka hazina atayasoma mwenyewe na vitabu viko wazi, mimi nataka tuongee bonasi, mashine na hii maneno ya kabila.

Bonasi, yaani yale malipo ya mwisho wa mwaka ya mkulima, ya huku kwetu bado iko chini kuliko ya wenzetu wa Mlima Kenya na inauma sana, mtu anaamka na baridi anachuna majani mawili na chipukizi vile anatakiwa, anabeba mpaka bai senta, kile kituo cha kupokea majani, karani anapima, alafu ikifika mnadani Mombasa chai yake inapata bei ndogo. Mnakumbuka 2021 iliwekwa dola 2.43 kwa kilo kuwa bei ambayo chai isiuzwe chini yake mnadani, nia ilikuwa nzuri lakini chai yetu nyingi ikalala kwa maghala bila mnunuzi. Ndio kamati ikasema tuanze na kile kiko mikononi mwetu, majani magumu yasiingie kwa kapu, na tusishindilie gunia mpaka majani yapate joto yaungue. Wengi mmefuata, asanteni sana.

Mashine za kuchuna zimetoa watu wengi kazini kule mashamba makubwa. Mei 2023 zilichomwa hapa Kericho, na chama hakiungi mkono kuchoma mali ya mtu, lakini aliyekosa kazi bado ana watoto wa kulisha na lazima tumsemee.

Sasa kuna wanachama wamenifuata wakitaka vibarua vya mashamba yetu vigawanywe kwa kabila. Nimekataa na nitaendelea kukataa. Hapa tuko na Wakipsigis ambao babu zao walinyang'anywa ardhi ndio hizi esteti, yaani mashamba makubwa ya chai, zikapandwa, tuko na watu wa ukoo wa Watalai ambao wazee wao walihamishwa na serikali ya kikoloni mpaka Gwassi, kule karibu na Ziwa Victoria, 1934, tuko na Wakisii, Waluo na Waluhya ambao familia zao zimechuna chai hapa miaka na miaka, na wengine walifukuzwa kwa ghasia za baada ya uchaguzi 2008 wakarudi. Kila mmoja ana kidonda chake na hakuna kidonda kitapona kwa kumnyima jirani kazi. Mikutano itabaki Kiswahili ili kila mtu asikie.

Mwisho, oda za mbolea zifike kwa katibu mapema, na wale mvua ya mawe iliharibu chai yao mwandikishe majina kabla kamati haijakaa.