Umeme wa mchana na mahitaji ya magharibi

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nichangie mjadala wa nishati jadidifu na nishati inayokwisha, mjadala ambao huanza upya kila bei ya umeme inapopanda na kuishia palepale: mmoja akisifu jua na upepo, mwenzake akimkumbusha kwamba jua huzama. Mimi hutengeneza barafu huku Likoni na kuwauzia wavuvi na wachuuzi wa samaki. Baada ya maji, umeme ndio malighafi yangu, na kazi hii imenifanya niamini kwamba jambo tunalolisahau katika mjadala huu ni saa. Kila chanzo cha umeme kina saa zake, na faida yake hutegemea kama saa hizo zinaoana na zetu.

Tuanze na mitambo iliyo mlangoni petu. Kipevu III ilianza kazi mwaka 2011 ikiwa na uwezo wa megawati 120, na kule Rabai kuna mtambo mwingine wa megawati 90, yote ikiendeshwa kwa mafuta mazito. Ni rahisi kuilaani, lakini tuwe waadilifu. Injini za aina hii huwashwa zinapohitajika, hazingoji mvua wala mawingu yafunguke, na kuanzia saa moja hadi saa nne usiku, taa, pasi, televisheni na majiko yanapowaka kwa pamoja, mtu wa kuzidharau ni yule asiyelala gizani. Kabla ya mwaka 2017, laini ya kilovolti 400 kutoka Nairobi, yenye urefu wa kilomita 482, ilipokuwa bado kukamilika, Mombasa iliegemea mno injini hizo.

Hasara zake hazifichiki. Mafuta yote tunayaagiza kwa dola, na injini zinapofanya kazi zaidi, tozo ya mafuta huongezeka katika bili ya kila mteja, hata aliye Kisumu ambaye hajawahi kuuona moshi wa Kipevu. Mikataba ya mitambo binafsi nayo imezoea kumlipa mwenye mtambo kwa kuwa tayari tu, hata siku ambayo injini zimezimwa. Moshi wenyewe hubaki kwa wakazi wa Changamwe na majirani zao. Wenzetu wa Lamu walipoletewa mpango wa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 walikwenda mbele ya jopo la kitaifa la mazingira, na mwezi wa Juni 2019 kibali chake kikafutwa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Nilifurahi, na sioni haya kusema hivyo.

Hata hivyo, nishati jadidifu nazo hazilingani, na kuzitia zote kapu moja ni kosa. Mvuke wa ardhini wa Olkaria, karibu na Naivasha, ambao umekuwa ukizalisha umeme tangu mwaka 1981, hufanya kazi usiku na mchana, masika na kiangazi. Tatizo lake kubwa ni gharama ya kuchimba visima virefu ambavyo vingine haviambulii kitu. Mabwawa ya Mto Tana hutegemea mvua, na waliokuwa watu wazima mwaka 2000 wanaukumbuka ule mgao wa umeme. Upepo wa Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, una mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310, lakini ilisimama zaidi ya mwaka bila kazi, kwa kuwa laini ya kuufikisha umeme wake kwenye kituo cha gridi cha Suswa ilikuwa haijakamilika, na serikali ikalazimika kulipa fidia. Isitoshe, upepo ule huvuma kwa nguvu zaidi usiku, wakati ambapo nchi imelala na umeme hauna mnunuzi.

Sasa nije kwenye jua, ambalo nalijua kwa mikono yangu. Nilipofunga paneli juu ya paa, muuzaji mmoja wa mjini aliniuzia betri nne akaapa kwamba zitadumu miaka mitano. Hazikumaliza miezi kumi na moja. Risiti ninayo, ila duka limehama. Halafu nikajifunza mambo ambayo hayakuandikwa kwenye tangazo. Paneli hupimwa kiwandani kwenye nyuzi 25 za joto, lakini juu ya bati la Mombasa mwezi wa Februari huweza kupita nyuzi 60, na kila nyuzi inayoongezeka huipunguzia nguvu kwa karibu asilimia 0.4, kwa hiyo saa sita mchana, jua likiwa kali kabisa, zaidi ya sehemu moja ya kumi imeshapotea. Hewa ya chumvi ilizila skrubu za chuma cha kawaida mpaka fremu moja ikawa inagongagonga upepo wa kusi ukivuma, nikalazimika kuzibadilisha zote kwa chuma kisichoshika kutu. Kila Ijumaa asubuhi kijana wangu hupanda na ndoo ya maji baridi na kitambaa, kwani utando wa chumvi na vumbi ukiachwa wiki mbili huonekana kwenye mita.

Baada ya betri kufa sikununua nyingine. Niliamua kugandisha barafu kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi alasiri, jua linapokuwa na nguvu, kisha nikaihifadhi katika masanduku niliyoyazungushia povu gumu nene na unga wa mbao. Wavuvi wanapokuja jioni kabla ya kuingia baharini, wanachukua barafu iliyogandishwa kwa umeme wa saa sita. Hesabu ya tokeni za umeme ninazonunua imepungua kwa zaidi ya nusu, bila betri hata moja.

Hapa ndipo ninapowaomba wenye mamlaka wanisikilize. Maji ya chemchemi za Mzima hutujia sehemu kubwa kwa mteremko, lakini ya visima vya Baricho, kule Mto Sabaki, husukumwa kwa pampu za umeme, na maji, kama barafu, yanaweza kuwekwa akiba. Kwa nini usukumaji mkubwa usifanywe saa za jua, kwa paneli zilizo palepale visimani, na matangi yakaongezwa, badala ya pampu kugombania umeme na majiko yetu saa mbili usiku? Madiko ya wavuvi nayo, kuanzia Vanga hadi Kipini, yanahitaji vyumba vya barafu vya namna hiyo kuliko yanavyohitaji taa za jua za barabarani, ambazo ndizo wanasiasa hupenda kupigwa picha chini yake. Na Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 ilishatambua haki ya mteja kuuingiza kwenye gridi umeme wake wa ziada na kuhesabiwa. Mimi hupoteza umeme wa Jumapili nzima, siku ambayo wateja wangu ni wachache, na ningependa kuona utaratibu huo ukimfikia mfanyabiashara mdogo bila kuzungushwa ofisi kwa ofisi.

Jenereta yangu sijaiuza. Mwezi wa Mei, mvua za mwaka ziliponyesha mfululizo, niliiwasha siku tisa, na kwa kila lita ya dizeli nikapata takriban yuniti tatu, kwa bei inayotangazwa upya kila tarehe 14. Ilinguruma nyuma ya duka, jirani akalalamika, na wavuvi wakapata barafu.

Mtengenezaji barafu,
Likoni, Mombasa