Barua kwa mwanangu: Agizeni vya meza nzima

Mwanangu kipenzi,

Barua yako nimeipata, nami nimeisoma mara mbili. Pale uliposema kwamba mlikwenda na wenzako kwenye mgahawa wa Kichina, ukaishia kuagiza wali wa kukaanga kwa kuwa menyu ilikuwa ndefu na hukutaka kuonekana mshamba, pamenigusa. Nakuandikia upesi kabla hamjarudi huko, maana Jumamosi iliyopita nami nilikaa kwenye meza kama hiyo na rafiki zangu watatu.

Chakula kile, mwanangu, hakikukusudiwa kila mtu na sahani yake. Bakuli la wali mweupe ndilo lako. Vingine vyote hukaa katikati, kila mmoja akachota kidogo kidogo. Ndiyo maana migahawa mingine huweka juu ya meza ile duara ya kioo inayozungushwa. Ukiagiza chako ukakikumbatia, umejinyima vya wenzako na wao umewanyima chako. Sisi tulikubaliana kila mtu achague kimoja, mradi visifanane: cha pilipili, cha mboga, cha mvuke, na kuku.

Mimi nilichagua mapo tofu. Tofu ni maziwa ya soya yaliyogandishwa, laini, na peke yake haina ladha kubwa. Pale ilikuja imezama kwenye mchuzi mwekundu wa pilipili na maharage yaliyochachushwa, juu yake imenyunyiziwa huajiao iliyosagwa. Wengi huiita pilipili ya Sichuan, jimbo la China, ila si pilipili hata kidogo. Ni ganda la tunda dogo la mti wa jamii moja na milimau na michungwa. Kijiko cha kwanza nikasikia harufu kama ya ganda la limau. Cha pili, ncha ya ulimi ikaanza kutetema, midomo ikafa ganzi, nikaweka kijiko chini nikidhani nimekula kitu cha kunidhuru. Rafiki yangu akanishika mkono, akasema, “Subiri kidogo, inapita.” Kweli ikapita, na nilipoonja tena nilikuta ukali na ganzi vinakwenda pamoja, kimoja kinakiita kingine. Wenyewe huiita mala: ma ni ganzi, la ni ukali. Na pilipili hiyo kali ni mgeni China, asili yake ni bara la Amerika. Huajiao ndiyo mwenyeji.

Herufi hiyohiyo ya ma ndiyo iliyo kwenye jina la mapo, ila hapo maana yake ni makovu ya ndui. Husimuliwa kwamba chakula hiki kilianza na bibi mmoja wa ukoo wa Chen, mwenye makovu usoni, aliyekuwa na mgahawa mjini Chengdu katika karne ya 19. Nimemfikiria sana bibi huyo. Watu walimtambua kwa makovu yake, na leo dunia nzima inamwagiza mezani.

Kwa mboga tuliletewa mbilingani za yuxiang. Jina hilo maana yake ni harufu ya samaki, na mwenzetu mmoja asiyekula samaki alikuwa amekwisha kulikataa. Mhudumu akamweleza kwamba hamna samaki ndani. Ni viungo tu ambavyo watu wa Sichuan huvihusisha na upishi wa samaki: kitunguu saumu, tangawizi, pilipili ya kuchachushwa, sukari na siki. Basi yeye ndiye aliyezimaliza. Kuku wa karanga na pilipili kavu, gongbao, hakunishangaza, ingawa nilipenda kujua kwamba amepewa jina kutokana na cheo cha Ding Baozhen, gavana wa Sichuan wa karne hiyohiyo.

Lakini kuhusu xiaolongbao nisikilize vizuri. Ni vifuko vya unga vilivyokunjwa kwa mikunjo midogomidogo juu, vikapikwa kwa mvuke kwenye kikapu cha mwanzi, na ndani yake mna mchuzi. Nilijiuliza mchuzi umeingiaje. Mpishi huchemsha supu mpaka ikipoa igande, akaikata vipande akachanganya na nyama. Mvuke ndio unaoiyeyusha. Usikitie kinywani kizima, kitakuunguza. Kiweke kwenye kijiko, kitoboe kwa jino pembeni, nyonya mchuzi polepole, kisha ndipo ukile na siki yenye vipande vyembamba vya tangawizi. Tulipofika hapo meza yetu ilinyamaza kimya, wanne sote tumeinamia vijiko.

Kwa kawaida nyama yake ni ya nguruwe, na hata mapo tofu huwekwa nyama ya kusaga ambayo hutaiona kwa haraka. Kama miongoni mwenu yupo asiyeila, ulizeni kabla ya kuagiza, na aulize yeyote, si lazima awe yeye. Mtu hapaswi kujitetea mezani kwa rafiki zake.

Vijiti visikutie hofu. Kijiti cha chini hakitembei, kinatulia kwenye kidole cha pete. Cha juu ndicho kinachocheza. Usivichomeke vikasimama kwenye wali, maana kwao hufanana na ubani unaowashwa kwa ajili ya marehemu. Vikikushinda omba kijiko, na kwa tofu ile kijiko ndicho chenyewe.

Wali wa kukaanga uagizeni pia ukiupenda, lakini uwekwe katikati. Halafu uniandikie nani alichagua nini, na kama ulimi wako nao ulitetema.

Akupendaye daima,
Mama