Barua kwa mwanangu aliye Leamington, Uingereza

Mwanangu Zaituni,

Salamu kutoka kambi ya polisi ya Nsambya, Kampala. Sote wazima, goti langu tu ndilo linalonisumbua.

Unasema ulimpeleka yule bibi unayemtunza Victoria Park kutazama ubingwa wa taifa wa wanawake, ukakuta akina mama wenye mvi wanaviringisha matufe nyasini, mchezo wanaouita bowls, ukacheka hadi bibi akakukata jicho. Sasa wamekualika ujaribu, nawe unaona haya. Haya ya nini?

Nilimwambia kaka yako anionyeshe mchezo huo kwenye simu, tukajikuta tumekesha. Kumbe lile tufe limeundwa makusudi lisiende moja kwa moja. Linatoka vizuri, kisha kasi ikipungua linapinda lenyewe. Ukikilenga moja kwa moja kile kijitufe cheupe, jeki, ambacho kila mtu anataka tufe lake likikaribie, umeshakosa. Unalenga pembeni, unapima nguvu ya mkono, na nyasi ikilowa hesabu zote unaanza upya. Mpinzani naye anaweza kulisukuma tufe lako, au hata kuihamisha jeki yenyewe, ukabaki na matufe mazuri mahali pasipo na faida. Wakicheza mmoja mmoja, kila mtu ana matufe manne, na wa kwanza kufikisha pointi 21 ndiye mshindi. Ni bao lile lile la mweso ambalo babu yako alikuwa akikufunga huku anasinzia! Mbio hazikusaidii kitu hapo, ndiyo maana wenye mvi wanashinda.

Tena si mchezo wa Waingereza peke yao. Kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola wanaume walianza kuucheza 1930. Wanawake walingoja hadi 1982, kule Brisbane, wakapewa shindano moja tu, la timu za watu watatu. Dhahabu ikaenda Zimbabwe. Sikuwahi kusikia mtu akilitaja hilo redioni.

Na 2022, kwenye Michezo hiyo hiyo, hapo hapo Victoria Park unapoona haya kukanyaga, wanawake wanne wa India waliifunga Afrika Kusini 17-10 kwenye fainali. India haikuwa imewahi kupata medali yoyote ya Jumuiya ya Madola katika mchezo huu. Mmoja wao, Nayanmoni Saikia, wakati huo alikuwa mtumishi wa idara ya misitu. Aliyekuwa akianza kurusha, Lovely Choubey, alikuwa konstebo wa polisi. Konstebo, Zaituni! Na mimi nilianzia hapo hapo, ingawa wakubwa wetu walitutambua sisi wanawake kwa netiboli na gwaride tu.

Nenda basi. Vaa viatu vya soli bapa visivyo na kisigino, maana nyasi ile wanailinda kama mboni ya jicho. Matufe usinunue kwanza, waombe wakuazime. Na yule bibi mwombe radhi, kisha umwulize alikuwa anamshangilia nani na kwa nini. Huyo anaujua mchezo kuliko kaka yako na simu yake.

Shangazi yako anauliza kama washindi wanalipwa. Ukijua, mpigie mwenyewe.

Mama yako